Spitz au Maltese? Jibu kwa mama wa Nateete

Barua ya mwezi huu ilinichekesha nilipoisoma mara ya kwanza. Mara ya pili nikaacha kucheka, ndiyo maana nimeiweka mbele ya zile za mbegu na za karo ya shule. Zenyewe zitangoja.

Imetoka Nateete, Kampala. Mama aliyeiandika ni mtu wa upande wa Rutshuru, ana watoto wanne, na anafanya kazi ya nyumbani kwa familia moja huko Mengo. Hao waajiri wake wanahama nchi mwisho wa mwaka. Wana mbwa wawili wadogo, wote weupe: dume la Maltese la miaka mitatu, na jike la Spitz wa Kijapani la miaka minne. Wamemwambia: chagua mmoja, ni zawadi yako, yule mwingine tumempatia mtu. Jirani zake wanamcheka. “Mukimbizi na imbwa ya wazungu!” Yeye asingesumbuka hata kuandika, ila mtoto wake wa tatu, kijana wa miaka tisa, tangu wafike Uganda hajalala usiku mzima. Anaamka, anakaa kitako, anasikiliza. Wakati wa likizo mama alimpeleka kazini, akamkuta mchana amelala sakafuni jikoni, usingizi mzito kabisa, na mbwa wote wawili pembeni yake. Mama anauliza: “Nimuchukue yupi?”

Mama mpenzi, swali lako si la kuchekwa. Wanaocheka wasahau kidogo Ulaya yao. Mbwa mdogo wa nyumbani si kitu kigeni kwetu hata kidogo. Wenye kutoka Ituri wanaijua ile mbwa fupi nyekundu ya wawindaji, mkia umejikunja mgongoni kama mandazi, haibweki, inaimba-imba tu, mpaka wawindaji wanaifunga kengele shingoni ili wajue iko wapi msituni. Waingereza waliichukua wakaipa jina la Basenji, neno ambalo ukoo wake ni mmoja na lile letu la “washenzi”, aibu juu yao. Wale wa kwanza walioonyeshwa huko Uingereza mwaka 1895 walikufa na ugonjwa. Ni mwaka 1937 ndipo walifaulu kuwafuga, na leo watu wa Marekani wanatoa pesa nyingi kumpata mbwa ambaye babu zetu walimlisha ugali baridi. Basi hakuna wa kukucheka.

Sasa hawa wawili wako. Kwa mbali wanafanana, weupe kwa weupe, lakini ni watu wawili tofauti.

Maltese ni wa zamani sana, Wagiriki na Warumi walikuwa naye, na kazi yake tangu hapo ni moja: kukaa na mtu. Uzito wake ni kilo tatu au nne, kuku mkubwa anamkaribia. Manyoya yake ni kama nywele za binadamu, hayana ile sufu ya chini, yanaota bila kusimama na hayamwagiki sana ndani ya nyumba. Yasipochanwa kila siku yanajifunga mafundo mpaka ngozini, na chini ya mafundo kunaoza. Spitz ni mdogo kwa historia. Wajapani walimtengeneza miaka ya 1920 na 1930 kutokana na mbwa weupe wa Kijerumani. Ana kilo tano mpaka kumi, miguu imara, masikio yamesimama, na manyoya ya tabaka mbili ambayo yanapukutika mpaka utayakuta kwenye mchuzi. Lakini tope likimkaukia linadondoka lenyewe ukimpiga brashi. Kazi yake ni kuangalia nani anakuja, na akimwona anasema. Anasema sana.

Ukiniuliza juu ya nyumba peke yake, bila habari ya mtoto, ningekujibu kwa mstari mmoja: chukua Spitz. Nateete ni tope. Mvua za Machi mpaka Mei, tena za Septemba mpaka Novemba, wewe unajua vile mfereji wa Nalukolongo unavyofurika na maji yanavyopita mlangoni. Maltese mwenye nywele ndefu katika hali hiyo atakuwa kitambaa cha kupigia deki kabla ya wiki kwisha, na kumwogesha kila mara ni madumu ya maji ambayo unayanunua. Halafu una watoto wanne ndani ya muzigo wa vyumba viwili. Maltese akianguka kutoka mikononi mwa mtoto au akiruka toka kitanda cha juu, mguu unaweza kuvunjika kama kijiti. Spitz atainuka ajikung'ute. Na mwizi? Wote wawili hawawezi kumwuma mwizi kitu, ila Spitz ataamsha mtaa mzima, na mwizi wa Kampala anaogopa mtaa kuliko meno. Ujue tu kwamba mbwa mwenyewe naye anaibika, kwa sababu ana bei. Mchana usimwache nje peke yake.

Kwenye chakula hawatofautiani sana, isipokuwa kipimo: Spitz atakula mara mbili ya Maltese. Posho na mukene waliopikwa vizuri vinamtosha mbwa mkubwa wa umri, ukiongeza mara mojamoja yai au maini. Angalia jambo moja ambalo watu hawalijui: masalio ya mchuzi wetu yana vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mbwa mkubwa wa kilo thelathini anaweza kuonja akapona, lakini wa kilo tatu hana akiba hiyo. Chokoleti vilevile ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano tumboni. Kwa hiyo chakula chake kipakuliwe kabla ya vitunguu kuingia sufuriani, ni hivyo tu. Na kwa nyumba ambazo siku nyingine zinakula mara moja (ziko nyingi, tusifichane), mbwa mzima anaweza kuvumilia pamoja nanyi siku hiyo. Mtoto wa Maltese hawezi. Sukari yake inashuka, anatetemeka, anaanguka, anakufa. Hilo nawaambia wengine mnaofikiria kununua kitoto cha mbwa: anayeuziwa barabarani ndani ya boksi, mweupe, wa wiki tano, msiamini jina analopewa. Katika umri ule kila mbwa mweupe ni Spitz. Kitoto kisitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane, na mwenye kuuza akuonyeshe huyo mama.

Basi, kama ni nyumba, Spitz. Ila wewe hukuniandikia kwa ajili ya nyumba.

Hapa nimekaa na barua yako siku nyingi. Umeandika kwamba kijana anaamka na kusikiliza. Anasikiliza nini? Sisi tuliotoka upande ule tunajua. Kule kijijini, usiku, mbwa ndizo zilitupa habari ya kwanza. Zikianza za mbali, halafu za karibu, halafu za jirani, tayari mama anafunga mtoto mgongoni. Wengine wetu tuko hai kwa sababu ya mbwa fulani ambayo hatukuikumbuka hata kuifungulia kamba. Mtoto aliyetoka nyumbani namna hiyo, kubweka kwa usiku si kelele kwake. Ni amri ya kukimbia. Na Spitz atabweka: boda ikipita, paka juu ya bati, jirani akienda chooni saa nane. Nateete hailali, malori ya barabara ya Masaka yanapita usiku kucha. Utakuwa umemletea mtoto wako saa ya kumwamsha.

Upande mwingine naona pia kinyume chake, na sitaki kukificha. Mtoto anayesikiliza usiku kucha anafanya kazi ya mlinzi. Hakuna aliyempa kazi hiyo lakini anaifanya. Akipata mbwa ambaye anajua kwa hakika kwamba angebweka mtu akikaribia, basi mbwa akinyamaza, ule ukimya unamwambia: hakuna mtu, lala. Maltese hawezi kumpa hakikisho hilo, kwa sababu Maltese mwenyewe atakuwa amelala fofofo chini ya blanketi. Anachotoa Maltese ni joto, na pumzi ya mtu mwingine kitandani. Kuna watoto wanaohitaji mlinzi na kuna watoto wanaohitaji mwenzi wa kulala. Kwa barua sijui wako ni yupi. Wewe pia unaweza usijue mpaka ujaribu.

Kwa hiyo jaribu, muda bado upo. Mwombe mama mwajiri akuazime Spitz siku nne tano, alale kwenu, kamba yake ifungwe karibu na mlango kwa ndani. Usiku wa kwanza usiuhesabu, mbwa mgeni naye ana hofu. Uangalie wa tatu na wa nne. Mbwa akibweka, kijana anafanyaje? Akiinuka akamwendea mbwa, akamshika, akaangalia mlango pamoja naye kisha akarudi kulala, umepata jibu, chukua Spitz. Akijificha, akikojoa kitandani, akianza kuamsha ndugu zake wavae viatu, mrudishe hata kama ni usiku wa pili, wala usimlaumu mbwa wala mtoto. Wiki inayofuata mlete Maltese.

Na ikiwa ni Maltese, mambo yake ya nywele yana dawa rahisi ambayo wenye kumfuga kwa fahari hawapendi kuisikia: mnyoe. Kinyozi yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza, au wewe mwenyewe kwa mkasi, kila baada ya mwezi mmoja na nusu, zibaki fupi kama sentimita mbili. Atapoteza uzuri wa picha, atabaki na afya. Macho yake yatokayo machozi mpanguse kila asubuhi kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu. Kitanda cha juu akatazwe. Spitz usimnyoe kabisa, hata joto likizidi. Yale manyoya mawili ndiyo yanamkinga na jua pia, na yakinyolewa yanaweza yasirudi vizuri.

Spitz wako ni jike, hilo nalo lina mambo. Jike asiyefungwa kizazi huja joto kama mara mbili kwa mwaka, kila mara karibu wiki tatu, na madume ya mtaa mzima yatalala mlangoni kwako yakipigana. Kama waajiri hawakumfanyia upasuaji huo, waombe wamfanyie kabla ya kuondoka. Wao wana uwezo, wewe itakushinda. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere inajulikana kwa kazi hizo.

Sasa chanjo, na hapa nasema na kila mwenye mbwa, wa Nateete na wa kambini, wa Spitz na wa mbwa koko. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wengi wao watoto, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani karibu wote, 99 kwa mia, wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyo mweupe mzuri, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, siku hiyohiyo aende kituo cha afya aanze sindano. Msipake majani, msipake mafuta ya taa, msifunge kwanza. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia. Alie.

Kila jioni mpapase mbwa masikioni na katikati ya vidole kutafuta kupe, na nyayo kutafuta funza, maana funza hawachagui mguu wa mtu wala wa mbwa. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Mavi yake yaokotwe, watoto wanacheza hapohapo chini.

Bado watu watatu hujaongea nao, mama. Wa kwanza ni mwenye nyumba. Usiingize mbwa kwa siri ndani ya muzigo, atabweka siku ya kwanza na siku ya pili vyombo vyenu viko nje. Muulize mbele ya mtu mwingine, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa LC. Wa pili ni jirani. Umeandika kwamba ukuta mnaogawana ni wa familia ya Kiislamu. Kwao, kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi hapa Afrika Mashariki wanafuata, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Si kwamba wanamchukia mnyama. Wanaswali, na wanataka mkeka wao uwe safi. Nenda kabla, uwaambie: mbwa anakuja, kamba yake ni fupi, haitafika kwenye mkeka wala bombani wala kwenye vyombo. Jirani aliyeulizwa kwanza mara nyingi anakubali mengi.

Wa tatu ni kijana mwenyewe, na maneno haya ndiyo magumu. Umesema faili lenu la kupelekwa nchi ya tatu bado lipo. Mbwa wa aina hizi anaishi miaka 12 mpaka 15. Wako ana mitatu au minne. Faili je? Mnakumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wamekwisha kuuza magodoro wakalala chini. Faili linaweza kulala miaka, tena linaweza kuamka kwa simu moja ya asubuhi. Siku hiyo IOM inapanga safari ya watu na mizigo yao ya kilo. Mbwa hayumo. Mtoto ambaye ameshaacha nyumba, na shamba, na wengine ambao hukuwataja kwenye barua nami sitawataja, ataacha na mbwa pia.

Kuna watakaokuambia: basi usimpe kabisa, kwa nini umwongezee msiba? Mimi sikubaliani nao. Tukifuata hesabu hiyo hakuna mtoto wa mkimbizi atakayepewa kitu cha kupenda mpaka apate pasipoti. Lakini aambiwe mapema, si uwanja wa ndege. Tafuteni tangu sasa mtu ambaye atampokea mbwa, pengine dada yako huyo wa Busega, au hata kanisani, na kijana amfahamu mtu huyo, ampeleke mbwa kumsalimia Jumapili. Aseme mwenyewe kwa mdomo wake: tukisafiri, atakaa kwa fulani. Miaka tisa ni umri wa kuelewa hilo. Anaelewa mambo makubwa zaidi ya hilo, ndiyo maana halali.

Na usiache kumpeleka kwa watu wa ushauri nasaha. Mbwa anaweza kumpa usingizi lakini hawezi kumuuliza anaota nini. Refugee Law Project, iliyoanza mwaka 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, imesaidia wengi wetu wa mjini kwa mambo hayo, na wao wenyewe wanaweza kukuelekeza kwingine ikiwa foleni ni ndefu.

Ukinibana niseme sasa hivi, kabla ya majaribio, nitasema nafikiri mtoto wako atachagua Spitz. Mtoto anayekaa kitako akisikiliza, kwa mawazo yangu, anatafuta wa kupokezana naye zamu. Ila sijamwona, wewe ndiye unamwona. Kama ni Maltese niandikie vilevile.

Siku ya kumchukua, yeyote kati yao, usiondoke Mengo na mbwa mtupu. Omba kitabu chake cha chanjo chenye sahihi na muhuri wa daktari, omba kitana au brashi yake, na omba lile blanketi analolalia, lisifuliwe kwanza. Litandike pale kijana anapolala, liwe na harufu ya nyumba ya zamani. Mbwa naye siku hiyo atakuwa amehama.

Barua za mwezi ujao ziletwe palepale mnapochukulia gazeti. Zile za mbegu nimeziona, zinakuja.